Mke wangu aliweka sufuria juu ya kitabu nikipendacho

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naishi Umoja, na nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi kule Viwandani. Ndoa yangu ina miezi minane. Mke wangu ni muuguzi. Hatujapigana, hatujatukanana, wala hakuna mtu wa tatu kati yetu. Ninachokuandikia huenda ukakiona kidogo, lakini kimeninyima usingizi wiki tatu sasa.

Kuna riwaya moja ninayoipenda kuliko zote, Siku Njema ya Ken Walibora. Nakala niliyo nayo marehemu baba alimnunulia kaka yangu, na jina la kaka limeandikwa ukurasa wa kwanza kwa mkono wa baba mwenyewe, wino wa bluu. Baba alifariki mwaka 2005, nikiwa kidato cha kwanza. Tulimzika nyumbani Shinyalu, na ngoma za isukuti zilipigwa hadi kukapambazuka. Wageni walipoondoka, nyumba ilinyamaza hata nikaogopa kulala. Nikakitoa kile kitabu kwenye sanduku la kaka, nikawa nakisoma kwa koroboi. Humo mna kijana, Kongowea Mswahili, mama yake amekufa, naye anatoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilikisoma siku tatu. Nikifika mahali nafunga, nalia, halafu nafungua tena. Tangu hapo nimekirudia zaidi ya mara kumi. Aprili 2020, niliposikia kwamba mwandishi wake amefariki hapa hapa Nairobi, nilikaa kwenye ngazi za ploti nikashindwa kuingia nyumbani.

Mwezi wa pili wa ndoa yetu nikampa mke wangu. Nikamwambia, "Soma hiki, ni kitabu kizuri sana." Akakipokea kwa furaha. Baada ya wiki nikamuuliza amefika wapi, akasema ukurasa wa kumi. Nikamuuliza anamwonaje Kongowea, na kwa nini anadhani mwandishi amempa jina lile. Hakuwa na jibu. Basi kila akitoka zamu nilimuuliza swali moja au mawili, nia yangu ikiwa kumsaidia asipitwe na mambo. Wiki ya tano nikaona stakabadhi ya duka aliyoiweka kama alama bado iko ukurasa wa 23.

Jioni moja narudi kazini nakuta kitabu kiko mezani, na juu yake sufuria ya uji, ya moto. Jalada sasa lina duara ambalo halitoki. Nilipomuuliza, alisema alikuwa na haraka na hakuangalia, akaniomba msamaha. Halafu akaongeza maneno ambayo mpaka leo yananikaa kifuani: "Kusema ukweli hakijanivutia. Kiswahili cha shule kilinitosha." Nilikipangusa, nikakifungia ndani ya begi juu ya kabati. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za tokeni za stima na kodi ya nyumba, basi.

Yeye naye ana vyake. Anapenda filamu za nyimbo, hasa Sarafina!, ambayo sijui ameitazama mara ngapi. Tuliitazama pamoja mara moja, na sitakuficha, nilisinzia. Watu wamepigwa risasi, halafu wanaimba na kucheza. Akili yangu inakataa, kwa sababu mtu mwenye uchungu haimbi. Kuna mahali alinigusa mkono akasema, "Tazama hapa, huyu mama." Nikafungua macho, nikaona mwanamke aliyevaa sare ya kazi za nyumbani, nikasema nimeona. Yeye alikuwa analia.

Nimefikiria kumwendea mama mkwe anisaidie kuzungumza naye, lakini ni mama mpole aliyelea watoto wanne peke yake kwa kufua na kupika katika nyumba za watu Kileleshwa, na sitaki kumwongezea mzigo.

Shangazi, mtu asiyeguswa na kitu kilichokushika mkono siku yako mbaya kuliko zote, anaweza kweli kukujua? Au nikubali kwamba nimeoa mtu wa dunia nyingine, vitabu vyangu nivifiche?

Msomaji wako, Umoja

JIBU

Mwanangu, pole kwa lile duara. Naanza hapo kwa sababu wengine watakuambia ni jalada tu, na mimi najua si jalada tu. Mwandiko wa baba aliyekwenda hauchapishwi upya. Una haki ya kuumia, na mkeo alifanya vyema kuomba msamaha.

Sasa nikuambie nilipokwama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale. Mimi nimejua habari za nyumba iliyonyamaza Shinyalu. Nimejua koroboi, sanduku la kaka, siku tatu za kufunga na kufungua, nimejua hata ngazi za ploti ulizokalia mwaka 2020. Mkeo ameambiwa nini? "Soma hiki, ni kitabu kizuri sana." Maneno sita! Mimi mtu baki nimepewa kisa kizima, na mke unayelala naye kitanda kimoja amepewa maneno ambayo mwalimu yeyote angemwambia mwanafunzi yeyote.

Utasema alipaswa kuona kwa mwandiko ule ukurasa wa kwanza. Angeonaje? Jina ni la kaka yako. Kwake hicho ni kitabu cha zamani cha shemeji yake. Alipoiweka sufuria, aliiweka juu ya karatasi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba chini yake yuko baba mkwe.

Halafu kuna yale maswali. Najua uliyauliza kwa upendo, na ndiyo maana nakusihi usikie jinsi yanavyosikika upande wa pili. Sisi tuliosomea Kenya tumeijua riwaya kwa njia ya Karatasi ya Tatu ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Fafanua sifa za mhusika, alama 6. Alama 80 za fasihi, saa mbili na nusu, na msimamizi anapita nyuma yako. Kuna watu walioipenda fasihi hata hivyo, wewe mmoja wao, lakini wewe ulikutana na Siku Njema usiku, peke yako, bila mtu wa kukusahihisha. Wengi wetu hatukupata bahati hiyo. Tulikariri maudhui ya kitabu kabla hatujaruhusiwa kukipenda. Sasa mwanamke ametoka zamu, miguu imevimba, amekutana usiku huo na mambo ambayo huenda hata hakusimulii, anafungua mlango anakuta mtihani mezani. Aliposema Kiswahili cha shule kilimtosha, mimi sioni kwamba alikitukana kitabu chako. Aliyemchosha ni yule msimamizi.

Na kurasa 23 kwa wiki tano, kwa muuguzi wa zamu, si dharau. Kuna wagonjwa wa kugeuza, dawa za kugawa, ripoti ya kukabidhi, kisha matatu mpaka Umoja. Kichwa cha namna hiyo hupokea wimbo kwa urahisi kuliko aya ndefu. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya kupenda anachokipenda, nawe hukuwahi kumuuliza.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa nawe zaidi.

Kitabu chako umekiandikia aya tatu. Filamu ya mkeo imepata aya moja, na ndani ya aya hiyo ulikuwa umelala. Nakuomba urudi kwenye ile dakika aliyokugusa mkono. Sarafina! ilianzia jukwaani Johannesburg mwaka 1987, ikavuka hadi Broadway kule New York mwaka uliofuata, na filamu ikatoka mwaka 1992. Inasimulia habari za wanafunzi wa Soweto, wale walioandamana Juni 16, 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana wakapigwa risasi. Ndiyo sababu kila Juni 16 tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Yule mama uliyemwona kwa jicho moja, mwenye sare ya kazi za nyumbani, ni mama yake Sarafina, na aliyeigiza nafasi hiyo ni Miriam Makeba. Anafanya kazi katika nyumba ya Wazungu. Binti yake anamwendea kazini, pale pale penye sare.

Mwisho wa barua yako, kana kwamba halihusiani na lolote, umeniandikia kwamba mama mkwe wako alilea watoto wanne kwa kufua na kupika katika nyumba za watu Kileleshwa.

Mwanangu, uliyaandika mambo hayo mawili kwa mkono mmoja, katika barua moja, na hukuyaweka pamoja. Mimi siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya machozi yake, sikuwepo. Lakini mtu hamshiki mwenzake mkono katikati ya filamu na kumwambia "huyu mama" bure. Nadhani usiku ule alikuwa anakupa kitu kizito kama kitabu chako, naye alikosea kosa lile lile ulilokosea wewe: hakukueleza ni nini. Alisema "tazama" kama wewe ulivyosema "soma". Nawe ukajibu "nimeona". Kama ni sufuria, mwanangu, basi hiyo nayo ilikuwa ya moto.

Umesema mtu mwenye uchungu haimbi. Usiku ule wa Shinyalu, zile isukuti zilizopigwa hadi kukapambazuka, zilipigwa na watu wenye furaha? Ngoma ya Waisukha na Waidakho ni mali inayotambuliwa duniani. UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hupigwa harusini, na hupigwa matangani. Wajomba zako waliimba juu ya jeneza la baba yako kwa sababu maneno yalikuwa yameisha. Watoto wa Soweto wanaimba vivyo hivyo. Wewe umetoka kwenye nyumba ya nyimbo za msiba kabisa, na nashangaa kidogo kwamba hukuitambua nyumba hiyo ilipotokea kwenye runinga. Labda kwako uchungu ulianza pale ngoma zilipokoma, ndiyo maana ukimya wa kitabu ndio uliokupokea. Mkeo yeye alipokewa na sauti.

Wala usidhani hadithi ya nyimbo ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga jukwaa wao wenyewe wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo uliojaa nyimbo zao walizozijua. Serikali iliusimamisha baada ya wiki chache tu, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa walioutunga, alikuwa kizuizini. Ulirudi jukwaani hapa Nairobi mwaka 2022, katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza. Serikali haikuogopa mchezo ule kwa sababu watu walicheza ngoma vizuri. Wimbo huingia mahali hotuba isipofika, na walijua.

Niruhusu nikusimulie langu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alipenda filamu za Kihindi. Siku za mwanzo alinipeleka Ngara, sinema ya Shan, saa tatu nzima, na mimi nikahesabu taa za dari. Nilimwambia sirudi. Hakununa, ila aliacha kunialika, na hilo lilikuwa baya kuliko kununa. Miaka ilipita. Jioni moja filamu ya namna hiyo ilikuwa kwenye runinga, nami nakunja nguo. Akaanza kunisimulia, bila kunitazama, kwamba akiwa mtoto mama yake alikuwa akimpeleka Jumapili, ananunua njugu za karatasi moja wanagawana, na kwa kuwa wote wawili hawakujua Kihindi, mama alikuwa akimtungia maneno: "Sasa huyu anamwambia, nirudishie mwanangu." Maneno yote yalikuwa ya uongo na hadithi ilikuwa nzuri. Niliziacha nguo. Filamu zile sikuzipenda hata baada ya hapo, nakuambia ukweli, lakini toka siku hiyo niliketi karibu naye kila zilipokuja, nikimtazama yeye akitazama. Namkumbuka zaidi kwa zile saa kuliko kwa picha zetu za harusi.

Kwa hiyo swali lako, kama asiyeguswa na kitabu hicho anaweza kukujua, jibu langu ni kwamba anaweza. Anaweza kukujua vizuri sana na asifike ukurasa wa 24 maisha yake yote. Kinachomzuia sasa ni kwamba ufunguo umebaki mfukoni mwako.

Fanya hivi. Kabla ya kitabu, anza na filamu yake, kwa sababu hapo wewe ndiye mwenye deni. Ngoja siku ambayo hana zamu kesho yake. Mwambie, "Ile siku nililala, na nilikosea. Nataka kuitazama tena, na nataka uniambie kuhusu yule mama." Simu iache chumbani. Akilia usimpe kitambaa haraka haraka kama mtu anayezima moto; mwache. Na usimuulize maana ya wimbo. Muulize mara ya kwanza aliitazamia wapi na alikuwa na nani, kisha unyamaze umsikilize hata akirefusha.

Siku nyingine, si siku hiyo hiyo, kiteremshe kitabu kutoka kwenye begi. Mfungulie ukurasa wa kwanza, mwonyeshe mwandiko, mwambie nani aliandika. Msimulie lile koroboi kama ulivyonisimulia mimi, ikiwezekana kwa maneno hayo hayo, kwa sababu hukuyapamba na yalinifika. Kisha mwambie umekoma kuuliza maswali, na ukome kweli. Akitaka, mchagulie mahali pamoja, kurasa mbili au tatu, umsomee wewe kwa sauti wakati anasuka nywele au amelaza miguu juu ya mto. Mama yake Kongowea, Zainabu Makame, alikuwa mwimbaji wa taarabu. Ajabu, humo kitabuni mwako mmekuwa na wimbo siku zote, na mpenda nyimbo hukumwonyesha. Ningeanzia hapo. Akisinzia ukiwa unasoma, mfunike blanketi. Mlikuwa mmebaki na hilo moja la kulipana.

Nakala ile ya baba usiiazimishe tena kwa mtu yeyote, hata kaka mwenyewe. Kitabu ambacho huwezi kuvumilia kirudi na doa hakitoki nyumbani. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovipanga chini kando ya barabara pale mjini watakupatia nakala ya mkononi. Hiyo ndiyo ya mezani, ya kwenye matatu, ya kuwekewa vikombe.

Tena tafuta wasomaji wenzako. Mke asibebeshwe kazi ya kuwa mke, na darasa, na kundi la wasomaji peke yake. Kutoka Umoja, Makadara si mbali, na pale kuna maktaba iliyokarabatiwa, tawi la McMillan ile ya Banda Street iliyofunguliwa mwaka 1931. Nenda Jumamosi moja ambayo yeye yuko kazini. Mtu mwenye hamu ya kujadili kwa nini Kongowea anaitwa Kongowea hakosi wa kujadili naye katika jiji hili, na ukirudi nyumbani umeshayasema, utakuwa na nafasi ya kuuliza zamu ilikuwaje.

Duara la sufuria usihangaike kulifuta zaidi, utachubua jalada. Liandikie tarehe ndani kwa penseli, ndogo, karibu na wino wa bluu.

Na utakapojua ni wapi aliitazama mara ya kwanza, niandikie. Ningependa sana kujua kama alikuwa na mama yake.

Shangazi